Eglantyne Jebb: mwalimu aliyeacha darasa akawalisha watoto wa adui



Leo nataka kuwasimulia maisha ya mwanamke mmoja wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1928, Eglantyne Jebb. Jina huenda limekupita, lakini kazi yake unaijua. Ndiye aliyeanzisha Save the Children pamoja na mdogo wake. Ndiye pia aliyeandika azimio la kwanza la haki za mtoto kukubaliwa na mataifa. Kila unaposikia mtu kwenye redio akitaja haki za mtoto, ujue mizizi yake iko kwa mwanamke huyu.

Mimi nilimsikia kwanza kwa sista aliyetufundisha historia sekondari. Mzee wangu, Mwarabu wa Mombasa na Muislamu safi, alinipeleka shule ya misheni kwa sababu ya masomo yao, na hakuna aliyenilazimisha kubadili dini. Tulipofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza, sista alitueleza kwamba kuna mwanamke alishtakiwa mahakamani kwa kugawa picha ya mtoto mwenye njaa. Darasa zima tulishangaa, maana hatukuona kosa liko wapi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu yeye, na nilipokuwa mwalimu mwenyewe nilizidi kumfikiria. Ninayo sababu ya kumleta kwenu sasa hivi, na nitaifikia. Kwanza tuyaone maisha yake.

Binti wa watu wenye ardhi

Eglantyne alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876 huko Ellesmere, Shropshire, magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Baba yake alikuwa mtu wa ardhi na wapangaji, nyumba kubwa, farasi, vitabu vimejaa rafu. Alipewa jina la mama yake, na mama huyo hakuwa wa kukaa barazani tu. Alianzisha chama cha kuwafundisha vijana wa vijijini kazi za mikono, kuchonga mbao, kusuka na kufua vyuma, ili wawe na ujuzi mikononi. Kwa hivyo binti alikua akiona kwamba aliyejaaliwa hatakiwi kukaa na neema yake peke yake.

Walikuwa ndugu sita. Baba alifariki mwaka 1894. Miaka miwili baadaye mdogo wake, Gamul, akafa kwa homa ya mapafu akiwa shuleni, kijana wa miaka 16. Msiba huu ulimkaa Eglantyne moyoni miaka mingi.

Zama zile wasichana wa tabaka lake walingojea mchumba. Yeye, kwa msaada wa shangazi yake, alikwenda Oxford mwaka 1895 kusoma historia katika Lady Margaret Hall, moja ya nyumba za wanawake pale chuoni. Alipomaliza akafanya jambo lililowashangaza watu wake: akaenda kusomea ualimu wa shule ya msingi, akachukua kazi ya kufundisha watoto wa watu maskini katika mji wa Marlborough.

Walimu wenzangu wataelewa kilichofuata. Kazi ilimshinda. Afya yake ilikuwa dhaifu, makelele ya darasa yalimchosha, na usiku alilala na wasiwasi wa kesho. Baada ya muda mfupi akaacha. Tena barua zake zinaonyesha wazi kwamba hakuwa mtu wa kufurahia kukaa na watoto. Hakuolewa, hakuzaa, na hakujifanya kuwa ana mapenzi ambayo hakuwa nayo.

Jambo hili nimelizingatia sana. Sisi tumezoea kudhani kwamba anayewahudumia watoto lazima awe na moyo laini, awabebe mgongoni, awaimbie. Wako wa namna hiyo, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini mwanamke huyu, aliyewafaa watoto wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua wa zama zake, aliongozwa na kitu chengine. Aliona kwamba mtoto anadai. Na mwenye kudai hulipwa, umpende usimpende.

Cambridge, halafu Macedonia

Kutoka Marlborough alihamia Cambridge kumtunza mama yake. Pale akaingia katika kazi za kusaidia maskini, na akakerwa na jinsi misaada ilivyotolewa ovyo: huyu anapewa mara tatu, yule hapewi kabisa, na hakuna anayejua nani anaishi wapi. Akaanza kuchunguza. Alizunguka mitaa, akauliza habari za kodi, mishahara, ulevi na shule, na mwaka 1906 akatoa kitabu kizima juu ya hali ya watu wa mji ule. Mwaka uliofuata akaingizwa katika kamati ya elimu ya mji. Tabia hii ya kutafuta ukweli kwanza, kabla ya kufungua mkoba, haikumtoka mpaka kufa.

Mwaka 1913 aliombwa kupeleka fedha za misaada Macedonia, ambako Vita vya Balkan vilikuwa vimewatoa watu makwao. Akasafiri mpaka Skopje na Bitola, akakuta wakimbizi hawana pa kulala, watoto wamekonda, na kila kabila lina orodha ya maovu iliyotendewa na kabila jirani. Aliporudi Uingereza akapita mji baada ya mji kuomba michango, akaona jinsi watu wanavyochoka kusikia habari za taabu za mbali. Mambo mawili akarudi nayo kichwani: kwamba vita humpiga mtoto kuliko askari, na kwamba kumwomba mtu huruma tu hakutoshi.

Vita viliisha, njaa ikaendelea

Mwaka 1914 vita vikubwa vikazuka. Uingereza ilikuwa na nguvu baharini, ikatumia manowari zake kuzuia meli za bidhaa zisifike Ujerumani na kwa washirika wake. Zilizuiwa silaha, na chakula pia kikazuiwa. Maziwa, mafuta na nafaka vikapungua, na kadiri miaka ilivyopita watoto wa Berlin na Vienna wakawa hawakui. Miguu ikapinda kwa ugonjwa wa mifupa, kifua kikuu kikaenea.

Waingereza wa kawaida hawakuyajua haya, kwa sababu magazeti yao hayakuandika. Aliyefungua macho ya Eglantyne ni mdogo wake Dorothy, mke wa mwanasiasa Charles Roden Buxton. Dorothy alipata ruhusa ya kuingiza magazeti ya nchi za nje, hata za maadui, akawa na watu wa kuyafasiri na kuchapisha vipande katika jarida la Cambridge. Eglantyne akaungana naye katika kazi hiyo, ijapokuwa alikuwa mgonjwa wa tezi ya shingoni na ilibidi apasuliwe.

Tarehe 11 Novemba 1918 mizinga ikanyamaza. Ungedhani basi, chakula kitapita. Hapana. Mataifa yaliyoshinda yaliendelea kuzuia bahari, ili Ujerumani iendelee kubanwa mpaka itie saini masharti ya amani. Kizuizi kililegezwa kidogo kidogo, lakini hakikuondolewa rasmi hadi Julai 1919, baada ya saini kutiwa. Yaani kwa miezi minane baada ya bunduki kuwekwa chini, njaa ilikuwa bado ni silaha. Na hawakukonda majenerali wala mawaziri. Walikonda watoto ambao vita vilipoanza wengine walikuwa hawajazaliwa.

Dada hawa wawili na wenzao wakaunda baraza la kupigania kizuizi kiondolewe. Eglantyne akachapisha vikaratasi vyenye picha ya mtoto mdogo wa Austria, kichwa kikubwa, mwili umenyauka, na maneno yanayosema kwamba hii ni kazi ya kizuizi chetu. Katika majira ya kuchipua ya 1919 akaenda kuvigawa uwanja wa Trafalgar, katikati ya London. Polisi wakamkamata. Kosa: vikaratasi havikupitishwa na wakaguzi wa serikali, na sheria ya wakati wa vita ilikuwa ingali inafanya kazi.

Mahakamani alijitetea mwenyewe. Sheria ilikuwa dhidi yake na alilijua hilo, kwa hivyo hakuhangaika nayo. Alizungumza juu ya watoto. Hakimu akamkuta na hatia, akamtoza faini ya pauni 5 tu, wakati angeweza kumtoza nyingi zaidi. Halafu, inasimuliwa, kesi ilipokwisha mwendesha mashtaka mwenyewe, Sir Archibald Bodkin, alimfuata akamkabidhi noti ya pauni 5 kutoka mfukoni mwake. Eglantyne akaitia katika mfuko wa watoto. Hata leo Save the Children huitaja pesa ile kuwa miongoni mwa michango yake ya mwanzo.

Tarehe 19 Mei 1919 wakaita mkutano mkubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Watu walijaa, na baadhi yao walikuja na matunda yaliyooza, tayari kuwarushia wasaliti wanaotaka kuwalisha Wajerumani. Waelewe hasira ile, ndugu zangu. Kila mtaa wa Uingereza ulikuwa na mjane, kila familia ina jina la kijana aliyebaki chini ya matope ya Ufaransa. Leo mtu anakuja kukuambia uchangie maziwa ya mtoto wa aliyemuua mwanao! Dorothy akasimama na kopo la maziwa mkononi akawaonyesha. Baada ya kusikiliza, ukumbi ule uliokuja na hasira ukatoa michango. Siku hiyo Save the Children ilitangazwa rasmi.

Kila mtu alikuwa na sababu ya kuzuia

Kuanzia hapo Eglantyne alifanya kazi kama mtu anayejua siku zake ni chache. Nywele zake zilikuwa zimeshageuka nyeupe mapema, mwili mwembamba, nguo zake za rangi ya udongo hazibadiliki. Alikwenda Roma kuonana na Papa Benedict XV, yeye asiye Mkatoliki, na Papa akaagiza makanisa yake dunia nzima yakusanye fedha kwa ajili ya watoto wa nchi zilizoharibiwa na vita. Askofu Mkuu wa Canterbury, mkuu wa kanisa la kwao, alisitasita mwanzoni. Januari 1920 ukaanzishwa umoja wa kimataifa wa mashirika ya kuwaokoa watoto, makao yake Geneva, Uswisi.

Mwaka 1921 njaa kubwa ikaingia Urusi, bonde la mto Volga. Ukame ulikutana na uharibifu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sasa adui alibadilika: mwanzo alikuwa Mjerumani, sasa Mbolshevik. Magazeti mengine ya London yakauliza kwa nini pesa za Waingereza ziende kuwalisha watoto wa makomunisti wakati kwao kuna wasio na kazi. Shirika likakodi meli iitwayo Torcello, ikang'oa nanga Septemba 1921 ikiwa na tani 600 za chakula na vifaa. Makao ya kazi yakawekwa mji wa Saratov, na majiko yakafunguliwa mijini na vijijini. Kabla ya mwaka kupita walikuwa wanalisha laki kadhaa za watoto kila siku.

Pesa zilipatikana vipi? Hapa ndipo ile tabia yake ya Cambridge ilipofaa. Alilipia matangazo ya ukurasa mzima magazetini, jambo ambalo watu wa misaada waliliona ni la kibiashara na la aibu. Alipeleka mpiga picha za sinema Urusi, filamu ikaonyeshwa kumbini, watu wakaona kwa macho yao. Na aliwaambia wachangiaji gharama hasa: shilingi moja ya Kiingereza kwa wiki inamweka mtoto hai. Mtu wa kawaida akapiga hesabu na kuona kwamba analiweza. Alishikilia kwamba kutoa msaada ni kazi kama kazi nyengine, inataka watu waliosomea, hesabu zilizoandikwa, na mpango. Huruma isiyo na daftari, kwake yeye, ilikuwa ni kupoteza chakula cha mtoto.

Na wale waliosema awakumbuke watoto wa kwao, aliwakumbuka pia. Katika miaka hiyo ya 1920, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walipogombana na wenye migodi na mishahara ikakatika, shirika lilisaidia watoto wao. Matajiri wengi walikasirika, wakaona kuwa kumlisha mtoto wa mgomaji ni kumpa baba nguvu ya kuendelea kugoma. Hoja ni ile ile ya manowari, safari hii imehamia nyumbani: mbane mtoto ili mzazi asalimu amri.

Mistari mitano

Baada ya miaka minne ya kukimbilia moto mmoja baada ya mwengine, Eglantyne alitaka kitu kitakachobaki hata yeye asipokuwepo. Inasemekana alipanda mlima Salève, unaoutazama mji wa Geneva, na huko akayapanga mawazo yake. Mwaka 1923 akatoa azimio fupi, mambo matano tu, linaloweza kukaa katika ukurasa mmoja na kueleweka na mtu yeyote.

Kwa maneno yangu mwenyewe ni haya. Mtoto apewe kinachomwezesha kukua vizuri, mwili na roho. Mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliyebaki nyuma asaidiwe, aliyepotoka arejeshwe, yatima na asiye na kwao apewe makao. Yanapokuja majanga, mtoto awe wa mwanzo kupata msaada. Mtoto aandaliwe kujitafutia riziki na alindwe asinyonywe. Na mwisho, alelewe akijua kwamba kipawa alichonacho ni cha kuwatumikia binadamu wenzake.

Lililonivutia ni kwamba azimio linasema haya ni wajibu wa binadamu wote, bila kutazama rangi, taifa wala dini. Na linampa jukumu kila mtu mzima, wala haliiachii serikali peke yake. Septemba 1924 Ushirika wa Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa, ukalikubali. Mwaka 1959 Umoja wa Mataifa ukatoa azimio lake lililopanuliwa, na tarehe 20 Novemba 1989 ukapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kenya iliuridhia mwaka 1990, Tanzania 1991, Oman 1996. Karibu dunia nzima imo, isipokuwa Marekani ambayo ilitia saini lakini haijauridhia.

Eglantyne hakuyaona hayo. Tezi ya shingo ilizidi kumsumbua, akapasuliwa tena, na tarehe 17 Desemba 1928 akafariki mjini Geneva, umri wake miaka 52, akazikwa huko huko. Katika miaka yake ya mwisho fikra zake zilikuwa zimeshavuka Ulaya, akiwaza watoto wa Afrika na Asia. Juni 1931, miaka miwili na nusu baada ya kifo chake, umoja alioanzisha uliitisha mkutano Geneva juu ya mtoto wa Kiafrika, kuzungumzia vifo vya watoto wachanga, elimu na kazi za watoto. Wengi waliozungumza walikuwa Wazungu, ni kweli, na wengine wao ni watu wa serikali za kikoloni. Lakini kwamba mtoto wetu alijadiliwa kama mwenye haki, katika miaka ile ya 1930, si jambo dogo.

Kizuizi cha majumbani mwetu

Sasa niifikie ile sababu.

Nimefundisha miaka zaidi ya 30 Mombasa. Katika miaka hiyo yote, watoto walionitia simanzi zaidi hawakuwa mayatima. Yatima ana haki yake inayojulikana, na watu wetu, alhamdulillahi, wanaogopa kula mali yake. Ramadhani ikifika hukosi wa kumnunulia nguo. Walionitia simanzi ni watoto wenye baba aliye hai, mwenye kazi nzuri Ghuba, aliyeacha kuleta matumizi kwa sababu amekosana na mama yao.

Mtaani kisa hiki kila mtu anakijua. Mume yuko Dubai au Maskati, mke yuko Mombasa, Unguja au Tanga. Maneno yanapita kwenye simu, talaka inatoka. Mwezi wa kwanza pesa zinakuja pungufu, wa pili zinachelewa, wa tatu hazipo. Ukimuuliza anakwambia mama yao atazila, au mama yao amezidi kiburi, acha aone. Wakati mwengine ni mama mzaa mume ndiye anayemtilia maneno. Wakati mwengine ni mke mpya. Na upande wa pili nao haukosi lawama, maana wako kina mama wanaomnyima baba kuzungumza na wanawe mpaka alipe kwanza. Watu wazima wako vitani, na silaha ni sahani ya mtoto na simu ya mtoto.

Mimi nilikuwa nikimuona huyo mtoto darasani. Sare imepasuka kwapani. Anaomba ruhusa kwenda msalani wakati wenzake wanakula. Karo haijalipwa, anarudishwa nyumbani, anakaa kibarazani wiki mbili. Mvulana mmoja mwenye akili ya hesabu, wallahi nadra kuona mfano wake, alikuja kuniaga akiwa kidato cha pili. Anakwenda kubeba mizigo Kongowea. Baba yake alikuwa na gari mbili Ghuba, mwenyewe alinitajia aina zake kwa fahari, kwa sababu bado alikuwa akimpenda. Mwalimu wa darasa anaweza kumnunulia kalamu. Hawezi kumpa baba.

Ninaposoma habari za miezi ile minane baada ya vita, manowari zimesimama baharini na maziwa hayapiti, huwaza watoto hao. Vita vya mume na mke vimeisha, talaka imeshatoka, kila mtu ameshika njia yake. Kwa nini kizuizi kingali kimesimama? Kinambana nani? Mama atakopa, atauza maandazi, atarudi kwao, atajua la kufanya. Atakayekonda ni wako.

Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Tunausema sana msemo huu tunapozungumzia serikali, tunasahau kuusema tukiwa jikoni kwetu.

Wala sisemi kwamba baba huyo ni mtu mbaya. Wengi wao ni watu wa msikitini, wakarimu kwa wageni, na wakisikia msiba wa jamaa hutuma mchango siku hiyo hiyo. Wana jeraha, na wanaamini kabisa kwamba wana haki ya kukasirika. Huenda wanayo. Wale waliokuja Royal Albert Hall na matunda yaliyooza nao walikuwa na haki ya kukasirika, walikuwa wamezika watoto wao. Eglantyne na Dorothy hawakuwaambia waache hasira, wala hawakuwataka wampende Mjerumani. Waliwataka wapitishe maziwa. Ukitaka kumchukia mtalaka wako, hilo liko baina yako na nafsi yako. Matumizi ya mtoto yana safari yake nyengine, wala hayatakiwi kupita kwenye moyo wako kwanza.

Na daftari lake nalo tulichukue. Kama unaogopa mama atazila, zipo njia. Lipa karo moja kwa moja shuleni, risiti utapewa. Fungua hesabu dukani kwa unga, mchele na maziwa, muuzaji akuandikie kila mwezi. Mteue mzee mmoja anayeaminika na pande zote mbili, shangazi au mjomba, awe ndiye mshika amana. Mkishindwa kabisa, kadhi yupo, na ustawi wa jamii upo. Panga kiwango unachokiweza, kiandike, kitoke kila mwezi kama kodi ya nyumba inavyotoka. Hakuna mtu anayemuuliza mwenye nyumba kama anampenda ndipo amlipe kodi.

Nasi wengine tusio wahusika, tulio majirani, mashangazi na marafiki wa kazini huko Ghuba, tusijifanye hatuoni. Ukikaa na mwenzako barazani akajisifu kwamba amemkata mtalaka wake, muulize watoto wangapi wako pale, na wanakula nini leo. Muulize kwa upole, lakini uliza. Kama yeye hakusikia, na wewe unao uwezo, mlipie mtoto karo ya muhula mmoja bila kumtangaza. Usingoje kwanza kujua katika ugomvi ule nani alikuwa na haki.

Shule za nyumbani zitafungua muhula mpya. Walimu wataita majina, na wataona viti vitupu. Mwenye mtoto kwenye moja ya viti hivyo anajijua. Pesa ukituma leo, kesho zimefika.